Kondo Katika Mji

Saa kumi na moja alfajiri, chumba cha upasuaji, Asyut.
Nahesabu shashi kabla hajalazwa,
kwa sauti, ili Nermin asikie na kuandika ubaoni:
mabunda tisa ya kumikumi. Tisini.
Kazi yangu ni hii. Visu vina wenyewe.

Ibtihal ana makovu matatu na watoto watatu.
Wa nne kalala mlangoni,
na kondo lake limeota mizizi kwenye kovu,
limekula ukuta wa mji, limebisha hodi kwenye kibofu.
Jana Daktari Shukrallah alilifuata pichani kwa ncha ya kalamu.
"Hapa sioni mpaka," akasema,
kisha akaomba chai, akaisahau ikapoa.

Zamani tulivuta.
Mtoto akishatoka, mkono ulifuata kamba,
ukang'oa, na mji ukafunguka wote kwa pamoja.
Inshirah, mke wa fundi redio, alikwenda hivyo.
Viatu vyangu vya mpira nilivifua mara tatu, kisha nikavitupa.
Mumewe alikuwa ukumbini na kapu la machungwa,
na kila mmoja wetu alipita mlango mwingine.

Baba yangu alilinda malango ya mfereji.
Ukingo ulipobomoka, vijana walikimbilia tundu na magunia ya mchanga;
yeye alipanda baiskeli akaenda kinyume, juu, kilomita mbili,
kulizungusha gurudumu la chuma.
Walimwita mwoga.
Maji yalipochoka, waliziba tope kwa mikono mitupu.

Basi leo tunaanza juu.
Kisu kinapita karibu na kitovu, mbali na kondo,
na msichana anatoka kwa mlango ambao hakuutazamia,
kavimba uso kwa hasira. Lia, mama, lia.
Kamba inafungwa, inakatwa, inarudishwa ndani.
Hakuna anayevuta.
Mikono minane juu ya tumbo moja, yote inajizuia.

Uzi kulia, kwenye mshipa unaoulisha mji.
Uzi kushoto.
Kisha mpira mwembamba, ule ule wa kutolea mkojo,
unazungushwa shingoni mwa mji, unakazwa, unabanwa kwa koleo.
"Saa?"
"Imeanza," anajibu mtu wa nusukaputi.
Nauona mji ukipauka,
kutoka zambarau hadi rangi ya unga uliokandwa.

Sasa ndipo anakata.
Anakibandua kibofu polepole, kama stempu kwenye bahasha ya zamani,
analiondoa kondo pamoja na kipande cha ukuta lilichokikalia,
afanyavyo mshonaji palipoliwa na nondo
akaliacha gauni.
Ibtihal alituomba wiki iliyopita: mkiweza, niachieni mji wangu.
Si kwa mtoto mwingine, akasema, nimechoka kuzaa.
Ila ni wangu.

Puto linaingizwa, linajazwa maji, linakandamiza kwa ndani.
Mpira unalegezwa.
Hapa hakuna anayeongea.
Tone kwenye kona ya mshono. La pili.
"Uzi."
Nimeshautoa kabla hajamaliza neno.
La tatu halikuja.

Nermin anaziweka shashi mizanini, anatoa uzito wa zilizo kavu:
lita moja na robo.
Mifuko miwili ya damu inarudi benki haijaguswa,
mmoja wa shemeji yake, mmoja wa kinyozi wa mtaani kwao.

Nahesabu.
Themanini na tisa.
Hakuna kufunga tumbo. Daktari anasimama, sindano hewani,
jasho linamshuka hadi kwenye barakoa, na hanihimizi.
Naanza upya kutoka moja.
Ilikuwa imenata chini ya kiatu chake,
nyekundu juu ya sakafu nyekundu, si kubwa kuliko jani la mnanaa.
Naiokota kwa koleo, namwonyesha Nermin.

Tisini.